Sikio la Ukutani

"Bibi, njoo haraka. Wanakubomoa."

Neema, mjukuu wangu anayefundisha shule ya msingi Heru Juu, alinipigia simu nikiwa naanika muhogo uani kwangu, Kasulu mjini. Mtu mwingine angeambiwa maneno hayo angedhani mtoto amepandwa na homa. Mimi nilielewa papo hapo. Ghala la zamani la kijiji limeuzwa kwa mfanyabiashara wa mahindi, naye anataka kujenga jingine kubwa zaidi, na ukuta wa mbele wa ghala lile ni mimi. Niko pale chini ya rangi ya kampuni ya simu, chini ya tangazo la vyandarua, chini ya chokaa ya kampeni za uchaguzi sijui wa mwaka gani. Nimesimama hapo na jembe begani tangu nikiwa msichana. Nguo za kumlilia mume wangu Andrea nilikuwa sijazikunja. Tulimzika kabla ya mavuno ya maharage, na wiki yake ya mwisho, hospitalini Kabanga, aliniuliza swali lililotoka kwenye ukuta ule ule. Kwa hiyo nilipoambiwa nabomolewa sikujua nifurahi au nilie. Nilifunika muhogo wangu, nikaita bodaboda.

Nina tabia moja ambayo wajukuu wangu wanaicheka. Nikipita mjini nikaona bango lenye uso wa mtu anayetabasamu, awe ameshika simu, sabuni au kadi ya chama, husimama nikamtazama machoni na kumwuliza kimoyomoyo: wewe walikuambia wanachora tangazo la nini? Juzi kijana mmoja kutoka Dar alikuja na simu yake kubwa akasema michoro ya zamani ile ni sanaa, kwamba siku hizi watu wanaitundika sebuleni kwa fremu. Nikamkaribisha chai. Lakini sikumwambia kitu, maana hata yeye sikujua anachora nini.

Watu wa rika langu hawautaji mwaka ule kwa tarakimu. Tunasema tu mwaka wa kuhama, serikali ilipotutoa vilimani kutupeleka kwenye vijiji vya barabarani. Mwaka ule nilikuwa najifunza kushona barazani kwa Mzee Abdala, mwenye duka pale Kasulu, mtu ambaye wazee wake walitoka Ujiji. Siku za kazi nililala stoo nyuma ya duka, katikati ya madumu ya mawese na marobota ya kaniki, na mpaka leo nikinusa mawese mabichi nasikia usingizi. Mkewe, Bi Zuhura, alitupikia ugali wa muhogo na dagaa, na Ijumaa wali. Tulikula uani juu ya mkeka mmoja, mimi, Bi Zuhura, wanawe, na mpangaji wa chumba cha pili, kijana wa Ujiji aliyeitwa Feruzi. Kazi yake ilikuwa kuandika vibao vya maduka. Chumba chake hakikuwa na kitanda, kilikuwa na makopo. Rangi nyekundu ilipoadimika alisaga udongo wa barabarani akaukoroga na mafuta, na samawati aliipata kwenye bluu ya kufulia nguo. Alikuwa na ulimi wa asali, mtu wa "tafadhali" na "hisani yako", na sisi tuliotoka milimani, ambao Kiswahili tulikivaa kama viatu vya kuazima, tulimsikiliza midomo wazi.

Alasiri moja, duka likiwa limefungwa, aliniita uani. "Skola, hisani yako, nishikie jembe hili."

"La nini?"

"Tangazo."

Wiki ile Mzee Abdala alikuwa amepokea majembe mapya. Sikuuliza zaidi. Niliona fahari kidogo kwamba katika wasichana wote wa Kasulu ndimi nitakayeuza majembe. Akaniweka jua likinipiga ubavuni, akaniambia, "Usinitazame mimi. Tazama mbali, kama mtu anayeona mvua inakuja." Nikatazama mbali mpaka shingo ikakakamaa. Kitambaa nilikuwa nimekifunga nyuma ya masikio, kama tulivyokifunga sote tulioshona, ili tupate pa kuchomeka chaki ya kukatia. Feruzi aliniomba niitoe ile chaki, akalichora sikio taratibu kuliko alivyochora kitu kingine chochote. Alisema sikio ndilo linalomshinda fundi, mkono na pua anaweza kuvikisia. Kisha akatandaza karatasi za mifuko ya saruji zilizogundishwa, akanichora mkubwa, akatoboa mistari yote ya mchoro kwa sindano yangu mwenyewe. Ukiweka karatasi ile ukutani na kuipigapiga kwa kitambaa chenye masizi, mtu anabaki pale kwa vitone vyeusi, tayari kupakwa rangi. Nilimsaidia kutoboa, na tulicheka sana.

Jumamosi iliyofuata nilipanda kwenda nyumbani Heru Juu. Wakati huo kwetu hakukuwa na kijiji cha kuonyesha kwa kidole. Kila mji ulikuwa kwenye kilima chake, ndani ya migomba yake, na makaburi ya wazee wake nyuma ya nyumba. Chini barabarani, mahali palipopimwa ili tuhamie sote, palikuwa na ghala jipya tu na kibanda cha ofisi. Nilipopinda kona nikajiona. Nilikuwa mrefu kuliko mlango wa ghala, jembe begani, macho mbali, kitambaa chekundu, na chini ya miguu yangu kumeandikwa: MIMI NIMEKWISHA HAMIA KIJIJINI. WEWE JE? Upande wa pili wa mlango kulikuwa na mtu mnene ameketi, mrija mdomoni, na ncha ya pili ya mrija imezama ubavuni mwa mkulima aliyekonda. Juu yake: KATA MIRIJA! Sitadanganya. Jambo la kwanza nililosikia moyoni ni furaha. Sikuwahi kujua kwamba mimi ni mzuri. Ndipo nikayasoma maneno mara ya pili. Sikuwa nimehamia popote. Kwetu hakuna aliyekuwa amehamia, na wala hakuna aliyetaka.

Lazima nieleze habari ya mrija, maana hapo ndipo kila kitu kilipopindia. Kwenye redio na kwenye hotuba za siku zile, mrija ulikuwa unyonyaji. Bepari ananyonya jasho la mkulima kwa mrija, basi tuukate. Watu wa mjini walielewa. Lakini kwenye vilima vyetu mrija ulikuwa kitu kimoja tu, *umuheha*, ule wa tete ambao wazee huuchomeka katika chungu cha pombe ya ulezi, kila mtu wake, chungu kimoja, vichwa vimekaribiana. Kuchangia chungu ndiko kuaminiana. Asiyekupa mrija amekwisha kusema anavyokufikiria. Sasa wazee wetu, wengi wao hawakujua kusoma, waliutazama ukuta ule na kumsikiliza aliyewasomea, wakauelewa kwa akili zao timamu kabisa: binti ya fulani amehama kwa siri, na anatuamuru tukate mirija yetu. Yaani tusikutane. Nimefikiri habari hii miaka mingi, na sina hakika kama walikosea sana.

Jioni ile nilikwenda kwa akina Andrea. Nilikuwa nimeposwa, mahari ilikuwa imepokelewa, na baba yake, Mzee Gwasa, alikuwa na mazoea ya kunitania. Nikifika akiwa chunguni na wenzake, hupangusa mrija wake kwa kiganja akanipa nionje wa kwanza. "Onja, mkwe wangu, usije ukasema tumekutilia kitu." Sabina, dada yake Andrea, rika langu, ndiye aliyekuwa akijaza chungu, akiingia na kutoka na kibuyu, na alikuwa akinifinya nikipiga funda kubwa. Jioni ile nilipoinama mlangoni nilisikia sauti nyingi zikibishana. Nilipoinua kichwa ndani, zilikuwa zimenyamaza. Mirija ilikuwa imechomolewa, kila mzee ameushika wake gotini kama fimbo.

"Mwakeye," nikasalimu, kwa kuchanganyikiwa, nikatoa salamu ya asubuhi saa za jioni.

"Ego," akaitikia Mzee Gwasa. Akatazama dari. "Mvua mwaka huu sijui zitakuwaje."

"Zitachelewa," akasema mwenzake.

"Zitachelewa, ndiyo."

Ilikuwa katikati ya kiangazi. Wakaendelea na mvua mpaka nilipoaga.

Ningedhani ni utani kama mambo yangeishia hapo. Siku chache baadaye Mzee Gwasa aliitwa ofisini. Pale chunguni alikuwa amesema haachi migomba yake wala makaburi ya wazazi wake, na wakitaka wamhamishe akiwa ndani ya jeneza. Huko ofisini, kwa maelezo yake mwenyewe, alisomewa maneno hayo kama alivyoyasema, na hata kikohozi alichokohoa kati ya migomba na makaburi hakikusahauliwa. Akawekwa ndani kule siku kadhaa. Aliporudi, chungu kikafunikwa. Kwenye chemchemi, nikiwa nimeinama kuteka maji, bibi mmoja alisema kwa sauti ya kusikika vizuri, "Ukuta una masikio, tulikuwa tunasikia tu. Safari hii tumeonyeshwa hata sikio lenyewe." Wanawake wakacheka kwa pua. Nikainua kichwa kutazama ghala kule chini, na kweli, kutoka pale kilichoonekana vizuri kuliko vyote, hata kuliko jembe, ni sikio langu.

Andrea alikuja kuniona. Tulikaa nyuma ya jiko la mama yangu, tukimenya maharage mabichi, tusitazamane. "Mimi nakuamini," alisema. Lakini alikuwa akilitazama sikio langu. Nikakishusha kitambaa, na palepale nikajuta, maana niliona amekiona kile kitendo. Sabina ndiye pekee aliyekuwa mwema kwangu. Siku zile alikuwa akienda kibanda cha ofisi alasiri kusaidia madarasa ya kisomo cha watu wazima, na wakati kwetu tulifulia majani, yeye alikuwa na sabuni. Alinikatia kipande. "Usijali, wifi," aliniambia, "watasahau. Watu hawana kumbukumbu." Nililia mikononi mwake.

Nilirudi Kasulu nikiwa nimekusudia kumpasulia Feruzi makopo yake. Lakini kabla sijamfikia nilisikia. Stoo yangu na chumba chake vilitenganishwa na ukuta wa fito na udongo, na mgeni wake, mmoja wa wakubwa wa operesheni ya kuhamisha watu, hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Unaona? Nilikuambia. Mchore mtu wanayemjua. Sura ya mgeni hawaisadiki."

"Yule binti anadhani ni tangazo la majembe," akasema Feruzi.

"Na adhani hivyo hivyo. Kule wamekwisha anza kuambiana kwamba ukoo wake umekubali. Wawili watatu wamekuja kuuliza viwanja. Kazi nzuri, fundi."

Nilikaa juu ya dumu la mawese. Mpaka wakati ule nilidhani nimepatwa na bahati mbaya. Kumbe nilichaguliwa, kama mtu achaguavyo chambo. Mgeni alipoondoka nilitoka nikasimama mlangoni kwa Feruzi. Nikamwambia yote, kwa Kiha na Kiswahili vikigongana, kwamba mkwe wangu aliwekwa ndani, posa yangu inavunjika, kwetu wananiita sikio. Alikuwa anaosha brashi. Hakukana, na hilo namhesabia.

"Nifute," nikamwambia.

"Siwezi, dada yangu. Ule ni ukuta wa serikali. Nikikufuta wewe, nami nafutwa."

"Basi futa sikio."

Alifikiri. Usoni mwake niliona uchungu, na sikujua ni kwa ajili yangu au kwa ajili ya sikio. Mwishowe alikubali. Alipanda Heru Juu akisema anakwenda kurekebisha rangi iliyopasuka, na akalishusha kitambaa changu chekundu mpaka shavuni. Nilikuwa mjinga kufikiri hilo ni dawa. Kulipokucha kilima kizima kilikuwa na habari mpya: ameambiwa wamemgundua, amelificha. Kama si lake, angelificha kwa nini? Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu akishakushuku hakuna unachoweza kufanya kikawa kitu cha kawaida. Ukinyamaza, una siri, na ukisema, umefundishwa cha kusema. Baadaye hata kucheka kwangu kulitafutiwa maana.

Feruzi akaenda Kibondo na karatasi yake ya vitone chini ya kwapa, na mimi nikiwa nimekunjwa ndani yake. Alinipiga kwenye kila ukuta uliosimama kando ya barabara. Nilijiona mwenyewe mara moja, Bi Zuhura aliponichukua tumpelekee ndugu yake vitenge Kibondo na lori likaharibika Kumsenga. Nilikuwa pale juu ya ukuta wa ghala, jembe begani. Nikasimama chini yangu nikamwomba mama mmoja maji ya kunywa. Akanipa, akanitazama usoni vizuri kabisa, kisha nikamwuliza yule ukutani ni nani. "Yule? Hayupo yule," akasema. "Wanachora tu." Nikamwomba maji tena, si kwa kiu. Nilitamani kubaki Kumsenga, mahali ambapo uso wangu ulikuwa ukutani tu na mimi nilikuwa mtu wa kawaida anayesubiri lori. Sijawahi tena kupumua vile mwaka ule.

Kisha malori yakaja kwetu. Sitaki kuyaeleza sana. Mapaa yalishushwa, milango ikatolewa na bawaba zake, kuku wakafungwa miguu. Mama yangu alikataa kuachia kinu, akakibeba mwenyewe. Tuliteremshwa barabarani pamoja na kila mtu, na nikapita mbele ya ghala na godoro la nyasi kichwani, chini ya picha yangu inayosema nimekwisha hamia. Watu walisimama kunitazama, mimi wa chini na mimi wa juu. Nilidhani sasa wameona. Nilidhani mtu mmoja atasema, yemwe, jamani, kumbe huyu mtoto tulimsingizia. Bibi yule wa chemchemi alipita na mzigo wake akasema, "Hata masikio ya serikali huwa hayalipwi vizuri." Akina Andrea walipata kiwanja karibu na bomba la maji, tukasema ni bahati. Sisi tulipata cha kwenye mteremko.

Tulioana, mimi na Andrea, maana mahari ilikuwa imekwisha kuliwa, na ng'ombe aliyekwisha liwa hatapikwi. Siku ya arusi chungu kilifunuliwa, na Mzee Gwasa akanipa mrija. Lakini ulikuwa mpya, umekatwa asubuhi ile, haujaguswa na mdomo wa mtu. Nilikunywa, watu wakapiga vigelegele. Nimezaa watoto katika ukoo ule, nimewauguza wazee wao na kuwaosha walipokufa, Mzee Gwasa mwenyewe nikiwa nimemshika kichwa. Na miaka yote hiyo, nikiinama mlangoni penye wazee wao, nilisikia mazungumzo yakikatika, halafu mtu anaanza habari ya mvua. Vijana waliozaliwa baadaye wakairithi desturi bila kujua ilikotoka. Wakiniona tu wanasema mawingu, mawingu.

Andrea hakuwa hivyo. Alikuwa mume mwema, na hili nalisema kwa moyo wote. Ndiyo maana swali lake limenikata. Kule Kabanga, wagonjwa wengine wamelala, alinishika mkono. "Skola. Tumebaki mimi na wewe. Yale ya baba, pale chunguni. Ni wewe uliyekuwa unawaambia?" Maisha yetu yote, mashamba na watoto na Krismasi zote, swali lilikuwa limelala kati yetu kitandani. Nikamwambia, "Si mimi, Andrea." Akasema, "Basi," akanipigapiga mkono, akageukia ukutani. Sijui kama aliniamini. Alikufa siku ya tatu.

Bodaboda iliponishusha ghalani, mafundi walikuwa wameanza juu. Sabina alikuwa amefika kabla yangu, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mwavuli mapajani. Siku hizi anatembea kwa fimbo. Nikasimama pembeni yake. Nyundo ilipogonga, rangi zilidondoka kwa tabaka, ya simu, ya vyandarua, chokaa, na chini kabisa ikatokea nyekundu ya udongo, kitambaa changu. Fundi akakigonga nacho, kikamenyuka kama ganda la yai, na pale chini likabaki sikio, zima kabisa, limechorwa kwa mkono wa mtu aliyelipenda. Neema akapiga picha kwa simu. Mafundi wakasimama, mmoja akauliza kama bibi anataka wamwachie kipande.

Sabina alilitazama muda mrefu. Akatikisa kichwa.

"Masikini," akasema. "Sikio la watu halikuwa na kosa. Mimi, wifi, siku zote nilijua kwamba si wewe."

Nilikuwa nimesubiri maneno hayo kutoka kwa mtu wa ukoo ule tangu nikiwa msichana. Machozi yalinijaa, nikataka kumkumbatia. Kisha nikasikia alichosema.

"Ulijuaje, wifi?"

Mkono wake ukatulia juu ya fimbo. Akainua uso, akatazama mbali kule juu ya vilima, ambako hakukuwa na wingu hata moja.

"Mvua mwaka huu," akasema, "naona zitachelewa."